Bastola Ndani ya Mkate: Kesi ya Kimathi Jukwaani na Uhamishoni

Asanteni sana. Mwenyekiti amenisifu kupita kiasi, basi acha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa sekondari tulicheza Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau msituni. Mimi sikupewa hata sentensi moja, nilipewa vifaa. Mliosoma mnakumbuka kuna mkate, na ndani ya mkate mmefichwa bastola ya kumwokoa Kimathi. Nikanunua boflo zima, nikalichimba kwa kijiko, nikatia bastola ya mti, nikaziba. Usiku wa kwanza mambo yakaenda. Usiku wa pili nafika nyuma ya pazia, nakuta bastola juu ya kiti, na makombo. Bweni lilikuwa na njaa. Tukaifunga bastola kwenye gazeti, na hakuna mtazamaji aliyeuliza mkate uko wapi. Watu walikuwa wakingoja onyesho la seli ya gereza.

Na seli ndiyo niliyokuja kuizungumzia. Humo Kimathi anatembelewa. Anakuja Henderson, Mzungu ambaye mahakamani ndiye hakimu. Wanakuja watu wa benki. Kisha wanakuja Waafrika watatu: mfanyabiashara, mwanasiasa na kasisi. Wanamwambia mambo yamebadilika, wenzako tumeshapata nafasi, wewe msituni unang'ang'ania nini tena? Kwa maoni yangu hao watatu ndio washtakiwa halisi wa mchezo ule, na ndio waliowafanya waandishi wake waishie ugenini. Mzungu yule kila mtu alishamhukumu.

Tazameni tarehe. Mchezo ulipanda jukwaani Oktoba 1976, katika Kenya National Theatre, Nairobi. Nchi ina karibu miaka 13 ya uhuru, na bado ukumbi wa taifa uliwabania nafasi. Tamthilia mbili za Waafrika, hii na ya Francis Imbuga, ziligawana siku chache zilizobaki katikati ya maonyesho ya wageni. Siku ya kwanza, Ngũgĩ alisimulia baadaye, waigizaji walitoka wakiimba, watazamaji wakaungana nao, ngoma ikamwagika hadi barabarani. Ng'ambo ya barabara iko Norfolk, hoteli ya masetla. Mwaka uliofuata alikwenda na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakacheza mchezo wa Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikitaka) kwa Kikuyu. Ukapigwa marufuku Novemba 1977. Mwisho wa Desemba akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka mzima bila kushtakiwa. Kamiti ndiko Kimathi alikonyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Sasa, ndugu zangu wanahistoria wana lalamiko, na wana haki. Rekodi ya kesi halisi ya Kimathi, iliyosikilizwa Nyeri Novemba 1956, ilikaa gizani miaka mingi, hatimaye ikachapishwa 2017. Kimathi wa jukwaani anaikataa mahakama yenyewe. Kimathi wa rekodi alijeruhiwa kwa risasi siku ya kukamatwa, akashtakiwa kwa kumiliki bastola, akakana kosa, na katika utetezi wake akasema alikuwa njiani kujisalimisha. Hayo si maneno ya sanamu. Ni maneno ya mtu mwenye jeraha anayepigania shingo yake mbele ya jaji wa Kiingereza.

Je, waandishi walidanganya? Mimi nasema hapana, ila nisingempa mwanafunzi tamthilia ile aitumie kama ushahidi. Wao hawakuwa wakinakili alichosema. Walikuwa wakiuliza swali ambalo hakuna mahakama ya Kenya huru iliyolipokea: damu ile ilimnufaisha nani?

Machi 1982 serikali ilibomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Ngũgĩ, aliyekuwa London mwaka huo, akaonywa asirudi. Mĩcere naye akaondoka na watoto wake, akapokonywa uraia, Zimbabwe ikampa wake. Mwaka 1984 kesi ya Kimathi ikachezwa London, katika Africa Centre, kwenye mji uliotuma majaji. Hapa pana jambo linalonitatiza. Mchezo ulipohamia kule, mshtakiwa aliyekuwa karibu alikuwa Mwingereza, na kumpigia makofi Kimathi mbele ya Mwingereza ni rahisi. Wale watatu wa seli walibaki Nairobi, wakila chakula cha jioni. Ndiyo maana wahamishwa hawakuishia jukwaani. Walikuwa wameunda kamati ya kutetea wafungwa wa kisiasa Kenya, ili makofi yasiishie kwa mkoloni.

Mwingereza, kwa shida, alifikishwa mahakamani. Mwaka 2011 yalifichuka majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, huko Uingereza. Juni 2013 serikali ya London ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Ilisema inasikitika. Haikukubali kwamba inawajibika kisheria, lakini angalau kuna karatasi, kuna hesabu, kuna tarehe. Nitajieni karatasi ya wale watatu. Mukami, mjane wa Kimathi, alidai mifupa ya mumewe kwa serikali moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa serikali za Wakenya. Alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi. Mĩcere alifuata mwezi uliofuata, huko Marekani, na Ngũgĩ, Mei 2025, hukohuko. Waandishi hao wawili walishaweza kurudi Kenya kutembea, ndiyo. Ngaahika Ndeenda nao ukarudi Nairobi Mei 2022, watu wakalipa tiketi, wakapiga picha. Nilifurahi, na nikaingiwa na wasiwasi kidogo. Mchezo usiomtia mtu hasira tena, sijui kama umeshinda au umezoeleka.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa. Nina nakala nne hapa za onyesho la seli, na ningependa tulisome badala ya mimi kuendelea kunguruma. Kimathi nitamsoma mwenyewe, mnivumilie kwa sauti hii. Nahitaji mfanyabiashara na mwanasiasa. Na wewe mama wa kilemba cha buluu, uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu nianze, njoo uwe kasisi.