Getini 148,000, jikoni 60,000

BAKARI: Wasikilizaji, karibuni tena. Tuko hapahapa Ngamiani, Tanga, na leo tunazungumza mshahara. Dada Mwanaidi kaja na jedwali lake.

MWANAIDI: La Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023. Najua ipo mpya, tutaifikia. Kaka, chukua nyumba moja pale Raskazone. Getini kuna mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi, jikoni kuna dada wa kazi anayelala humohumo. Hebu nisomee.

BAKARI: Mlinzi 148,000 kwa mwezi. Mtumishi wa ndani anayeishi kwa mwajiri... 60,000.

MWANAIDI: Na kwenye amri ya 2013 alikuwa 40,000. Miaka yote hiyo kaongezewa elfu ishirini!

BAKARI: Watu watakwambia anakula na kulala bure.

MWANAIDI: Wanasema kila siku. Sasa nikuulize, huyo binti anaamka saa ngapi? Alfajiri anakanda chapati, anamwandaa mtoto wa shule, anafua, anadeki, adhuhuri yuko jikoni, na mgeni akiingia usiku anaamshwa. Mlinzi zamu ikiisha anapokelewa na mwenzake. Yeye anapokelewa na nani? Kule kulala ndani ndiko kunakomweka kazini saa zote, halafu ndiko kunakotumika kumpunguzia. Hapo sikubali hata kidogo.

BAKARI: Lakini jedwali halijataja mwanamke wala mwanamume.

MWANAIDI: Halijataja, na ndiyo maana pengo halionekani. Sisi tunapanga kima cha chini kisekta, kwa bodi za mishahara chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Sekta iliyojaa wasichana kutoka Lushoto, Handeni na Kilindi ndiyo ikawekwa chini kabisa. Wakati huohuo kampuni kubwa za kimataifa za nishati zilipangiwa 592,000. Na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ahakikishe wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1951, unasema hivyohivyo, nasi tuliuridhia 2002. Nani kakaa akapima thamani ya kulea mtoto mchanga kutwa nzima?

BAKARI: Niseme la mkonge, maana nimekulia upande wa Muheza. Wanaume wanakata majani, wanafunga mizigo, wanapanga, wanalipwa kwa mita. Wanawake wengi wako kwenye singa, yaani nyuzi za mkonge. Ikitoka korona, ile mashine ya kuchakata majani, inachuruzika maji, wanaibeba, wanaianika kwenye nyaya. Singa mbichi nzito, na maji ya mkonge yanawasha. Shangazi yangu mikono ilijaa mabaka mpaka kwenye viwiko. Naye alilipwa kwa kipande. Mvua ikishinda inanyesha hakuna kuanika, na hela hakuna.

MWANAIDI: Kilimo, amri ile ya 2022 iliweka 140,000 kwa mwezi, kama 5,385 kwa siku. Jedwali lina kima cha mwezi, wiki, siku, hadi saa. Mama yangu unayelipwa kwa kipande, jioni piga hesabu kwa kima cha amri mpya uone kama umefika.

BAKARI: Haya, amri mpya. Imeanza tarehe 1 Januari 2026, na serikali ilitangaza kuwa wastani wa sekta binafsi umepanda asilimia 33.4.

MWANAIDI: Nimeifurahia, kwa dhati. Uingereza walipoanzisha kima cha chini cha taifa mwaka 1999, wengi walioongezewa walikuwa wanawake, kwa kuwa ndio waliokuwa wamejazana chini. Lakini wastani unachanganya mgodi na jiko. Ongeza asilimia hiyohiyo kwa wa laki tano, anapata 167,000. Wa elfu sitini anapata elfu ishirini. Mimi nataka ngazi ya chini ipandishwe haraka kuliko za juu, na hilo punguzo la kulala ndani lifutwe.

BAKARI: Mwalimu mwenye watoto wawili atakuuliza atoe wapi.

MWANAIDI: Namwelewa. Ila mtumishi wa umma kima chake kimetoka 370,000 hadi 500,000 tangu Julai 2025. Ni nyongeza ya 130,000. Anayebaki na watoto wake ili yeye afike kazini asipate kitu?

BAKARI: Mama lishe na wauza dagaa hawana mwajiri, amri haiwagusi, hao wana kipindi chao. Nimalizie na ujumbe wa dada wa Chumbageni: analipwa chini ya kima, anaogopa akidai atafukuzwa.

MWANAIDI: Mdogo wangu, kwanza andika kwenye daftari kila ulichopokea na tarehe yake, na ujumbe wa pesa za simu usiufute. Pili, nenda kwa afisa kazi, au chama cha CHODAWU, ndicho cha wafanyakazi wa majumbani. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya mshahara ndani ya siku 60. Ukifukuzwa, una siku 30 tu tangu siku hiyo. Usiende kwanza nyumbani kijijini kupumzika, siku zinahesabiwa.