Kusoma Matokeo ya Vishale: Mhadhara kuhusu Fainali za Alexandra Palace

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ubingwa wa dunia wa vishale, yaani darts, na matokeo yake. Nimeona nisiwasomee orodha ya mabingwa, maana orodha hiyo kila mmoja anaweza kuitafuta kwenye simu yake hapo alipoketi. Ninachotaka ni tusaidiane kuyasoma hayo matokeo. Dai langu ni kwamba mchezo huu una matokeo yanayoficha mengi mno, na kinachofichwa karibu kila mara kimo ndani ya ukanda wa milimita 8 ukingoni mwa ubao.

Tuchukue fainali ya tarehe 3 Januari 2024, katika jumba la Alexandra Palace, London. Luke Humphries alimshinda Luke Littler kwa seti 7 dhidi ya 4. Aliyekuta matokeo hayo gazetini asubuhi yake alidhani mkubwa alimfundisha mdogo kazi. Na kweli Littler alikuwa mdogo: miaka 16, akishiriki ubingwa huo kwa mara ya kwanza. Lakini aliyeutazama mchezo wenyewe anajua kwamba Littler alikuwa mbele 4–2, na kwamba katika seti ya saba alipata kishale cha kuchukua seti hiyo kwenye dabo ya 2. Kishale kile kingeingia, ingekuwa 5–2. Hakikuingia. Humphries akaichukua seti ile, kisha nyingine nne mfululizo.

Kwa wasioujua mchezo, nipite haraka. Mchezaji husimama mita 2.37 kutoka kwenye uso wa ubao, na kitovu cha ubao kiko mita 1.73 kutoka sakafuni. Kila zamu ana vishale vitatu. Huanza na pointi 501, akipunguza hadi sifuri kamili, ila kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, yaani ule ukanda wa nje unaozidisha namba mara mbili, au kwenye jicho la ubao, ambalo ni 50. Ukanda wa ndani huzidisha mara tatu. Vishale vitatu kwenye mara tatu ya 20 ni 180, na hapo ukumbi wote husimama na kupiga kelele. Wa kwanza kufika sifuri ameshinda legi. Mwenye legi tatu ameshinda seti. Ubao wenyewe ni nyuzi za katani zilizobanwa, na katani ya Afrika Mashariki imetumika kuutengeneza kwa miaka mingi. Kwa hiyo katani ya huko ilipanda jukwaa la London zamani sana, kabla ya Mkenya yeyote kupanda. Huyo Mkenya tutamfikia.

Sasa hapa kwenye legi na seti ndipo hesabu inapoanza kucheza na watu. Seti ikiisha, legi ulizozipata zinafutwa. Ukishinda seti 3–0 au 3–2, ni seti moja tu. Fikirieni mechi ya raundi ya kwanza, ambapo wa kwanza kupata seti tatu ndiye mshindi. Mmoja anashinda seti zake mbili kwa 3–0, halafu anapoteza tatu kwa 2–3. Jumlisheni: ameshinda legi 12, mwenzake 9. Na aliyeshinda legi 9 ndiye anayesonga mbele. Wapo wanaoona huu ni udhalimu. Mimi siuoni hivyo. Mfumo huu unamlazimu mchezaji kujua ni legi ipi yenye uzito, na kujua hivyo huku mkono ukiwa umetulia ni ufundi kama ufundi mwingine wowote.

Tuitazame basi dabo ya 2, maana si dabo ambayo mtu huichagua kwa hiari. Wachezaji wengi wanapenda kubakiwa na 32, yaani dabo ya 16. Ukikosea kwa ndani ukapiga 16 ya kawaida, zinabaki 16, na sasa unahitaji dabo ya 8. Ukikosea hivyo tena, unahitaji dabo ya 4, kisha ya 2, kisha ya 1. Kila kosa linakupa njia. Linganisheni na 40: ukikosea dabo ya 20 kwa ndani unabaki na 20, unahitaji dabo ya 10, ukikosea tena, dabo ya 5, na ukikosea hapo, umebaki na 5, namba witiri, na ni lazima upoteze kishale kizima kuirekebisha. Kwa hiyo mchezaji anapoonekana akilenga dabo ndogo kama ya 2, mara nyingi kuna jambo halikwenda alivyopanga hapo kabla. Namba hizo ndogo zinawasumbua hata wakongwe.

Humphries naye asidhaniwe kwamba alifika fainali ile kwa mteremko. Katika raundi ya nne alimtoa Joe Cullen 4–3, mechi iliyofika hadi legi ya mwisho kabisa ya kuamua. Bingwa wa dunia alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kwenye jedwali hilo halionekani. Jedwali linasema tu alishinda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka mmoja kabla ya hapo, 3 Januari 2023, Michael Smith dhidi ya Michael van Gerwen. Seti ya pili, legi ya tatu. Legi fupi kuliko zote inawezekana kwa vishale tisa, na kuipata jukwaani ni jambo ambalo wachezaji wengi wa kulipwa hawajawahi kulifanya kwenye ubingwa wa dunia. Van Gerwen anapiga 180, anapiga 180 nyingine, anabaki na 141. Smith naye, 180 na 180, amebaki na 141. Van Gerwen anakuja: mara tatu ya 20, mara tatu ya 19, na sasa dabo ya 12 peke yake ndiyo inayomtenganisha na ukamilifu. Kishale chake cha tisa kinakosa. Anaondoka. Smith anasimama palepale, analenga palepale: 60, 57, na dabo ya 12. Sifuri. Vishale 18 vilikuwa vimerushwa na watu wawili, na 17 kati ya hivyo havikuwa na kasoro.

Na katika hesabu ilikuwa nini? Legi moja. Ingeweza kupatikana kwa vishale 25 vya ovyo na ingehesabiwa vilevile. Smith, ambaye alikuwa ameshapoteza fainali za 2019 na 2022, alishinda ubingwa usiku ule 7–4. Ni matokeo yaleyale ya 2024, 7–4, lakini mechi mbili zisizofanana hata kidogo.

Mtaniuliza: je, wastani hausaidii? Siku hizi kila taarifa ya mechi huja na wastani wa vishale vitatu. Wastani wa 100 maana yake ni kwamba, kwa makadirio, unaimaliza 501 kwa vishale 15. Ni kipimo kizuri cha kumpima mtu kwa msimu mzima. Kwa mechi moja nakiamini kidogo tu. Katika fainali ya 2024 wote wawili walizidi 100. Katika ya 2025 vilevile. Wastani unakuambia nani alipunguza pointi kwa kasi. Haukuambii nani alifunga legi iliyohitajika.

Kuna wakati, nakiri, matokeo husema kweli tupu. Tarehe 3 Januari 2025 Littler alirudi, akamkuta van Gerwen, bingwa mara tatu. Alianza kwa seti nne bila jibu na kumaliza 7–3, akiwa na miaka 17, bingwa mdogo kuliko wote. Van Gerwen alicheza vizuri kutoka hapo, lakini alikuwa anakimbiza basi lililokwisha kuondoka. Mwaka uliofuata, 2026, Gian van Veen wa Uholanzi alitangulia kwa seti ya kwanza; Littler akachukua saba mfululizo. 7–1. Hapo hakuna siri ya kutafuta. Zawadi ya bingwa mwaka huo ilikuwa imepandishwa kutoka pauni 500,000 hadi pauni milioni 1, na aliyeshindwa alipata 400,000.

Lakini kama mnataka kuona seti zinavyoweza kumwokoa mtu, acheni fainali, nendeni raundi za mwanzo, ambako mechi ni fupi na mkubwa hana muda wa kujirekebisha. Ni huko ambako Fallon Sherrock, Desemba 2019, alimtoa Ted Evetts 3–2, kisha Mensur Suljović 3–1, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mechi katika ubingwa huu. Na ni huko, Desemba 2025, alikosimama David Munyua, daktari wa mifugo, Mkenya wa kwanza kucheza Alexandra Palace. Mpinzani wake alikuwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa 2024 wa World Grand Prix, shindano jingine la vishale, aliyemshinda Humphries katika fainali hiyo.

De Decker alichukua seti mbili za kwanza. Kwa mchezo unaojumlisha kila pointi tangu mwanzo, Munyua angekuwa amekwisha. Lakini seti ya tatu ilianza sifuri kwa sifuri, na vivyo hivyo ya nne. Akasawazisha 2–2, akaimaliza 3–2. Alitolewa raundi ya pili, na watu wengi hawakujali, kwa haki kabisa. Mwaka huo aliyetolewa raundi ya kwanza alipata pauni 15,000 na wa raundi ya pili 25,000, kwa hiyo dabo ya mwisho ya seti ile ya tano ilikuwa na thamani ya pauni 10,000. Naona mikono imeshaanza kuinuka huko nyuma. Karibuni na maswali.