Anayeogopa Haombi Mpira

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, akina mama mlioacha shughuli zenu za jioni mkaja, na nyinyi vijana mliojipanga huko nyuma na mabegi yenu ya mazoezi, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kelele za uwanjani na presha inayowapata watoto wetu wanapochukuliwa na klabu kubwa. Nimefundisha mpira hapa Ng'ambo, mjini Unguja, kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu madaraja ya watoto mpaka lile la vijana tunaloliita Central. Mengi nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu. Machache nimeyasoma, na nitayataja pale yatakapotufaa.

Nianze na kijana mmoja. Jina lake nitalihifadhi, na klabu iliyomchukua nitaihifadhi vilevile. Alikuwa kiungo. Tangu ana miaka 13 sifa yake ilikuwa moja: anaomba mpira. Akipoteza, anaomba tena. Akikwatuliwa, anainuka na mkono uko juu, "Lete!" Mwalimu akipata mtoto wa namna hiyo hulala usingizi mzuri, maana mengine yote yanafundishika.

Alipofika miaka 18 akavuka maji kwenda klabu kubwa. Mechi yake ya kwanza kuanza nilipanda boti kwenda kumwangalia, nikakaa mzunguko pamoja na watu wengine. Dakika za mwanzo alicheza vizuri. Kisha akarudisha pasi fupi kwa beki wake, ikanaswa, likawa bao. Uwanja ukanyamaza kidogo, halafu zikaanza kelele za kumzomea. Mtu aliyekaa mbele yangu, mtu mzima mwenye mvi, alisimama akamtukania mamaake, mama ninayemjua, ambaye saa ile alikuwa nyumbani kwake Jang'ombe mbele ya televisheni.

Tangu pale mpaka alipotolewa, nilikuwa namhesabia. Aliomba mpira mara mbili tu. Asiyejua mpira angesema kijana anajituma: anakimbia, anakaba, jezi imelowa. Lakini kila alipokimbilia ni pale ambapo mpira hauwezi kumfikia. Alikuwa anajificha mgongoni mwa mpinzani, mbele ya maelfu ya watu, na wengi wao hawakuona kwamba amejificha.

Wazee wangu, hilo ndilo lililonileta hapa. Kosa lile halinishughulishi, kwani kosa ni sehemu ya mchezo. Kinachonishughulisha ni ile dakika moja inayofuata baada ya kosa, nani anaishika na anaifanyia nini.

Tuangalie kwanza mwili. Mtu akiona hatari, moyo huenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, na macho yanaona kilicho mbele tu, pembeni hayaoni vizuri. Ukitaka kukimbia ng'ombe aliyekata kamba, hayo yote ni msaada. Lakini kiungo kazi yake ni kuona pembeni, na mguu unaogusa mpira unataka ulaini. Juu ya hayo kuna jambo la pili. Mchezaji anayeogopa huanza kujitazama mwenyewe. Nendeni Pemba mkamwangalie mkwezi akiwa nusu ya mnazi. Miguu yake inajua njia bila kuulizwa. Sasa mwiteni kutoka chini: "Bwana wee, huo mguu wa kushoto unauwekaje?" Akianza kulifikiria swali lenu, roho zenu nyote mtaziweka mkononi. Mchezaji anayezomewa anafanyiwa hivyo hivyo. Kitu alichokifanya mara elfu bila kufikiri, leo anakifikiria, na kinamshinda.

Na hizi kelele haziwagusi wachezaji peke yao. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2002, ambapo waamuzi 40 walioneshwa matukio 47 ya mechi moja, baadhi yao wakisikia sauti ya mashabiki na wengine bila sauti. Waliosikia sauti waliihesabia timu ya nyumbani makosa machache zaidi, kwa takriban asilimia 15. Hawa ni watu wazima wenye uzoefu, wamekaa mbele ya skrini, hakuna wa kuwadhuru. Kisha likaja janga la korona, mechi za Ulaya zikachezwa viwanja vitupu, na faida ya kucheza nyumbani ikapungua. Wageni nao wakaanza kupewa kadi chache kuliko zamani. Ikiwa kelele zinamvuta refa mwenye umri wa baba, mtoto wa miaka 18 tunamtaka awe jiwe?

Na sisi Zanzibar tuna jambo letu ambalo ni nadra kwingine. Katika Kombe la Mapinduzi, akija Simba au Yanga pale Amaan, klabu yetu ya mtaani inakuwa mgeni kwake yenyewe. Jukwaa limejaa nyekundu au njano, na waliovaa ni wajomba zetu, ni sisi. Mtoto wa Mlandege au wa KVZ anaingia kiwanja alichozaliwa karibu nacho, anasikia jirani yake anamshangilia mpinzani. Siwalaumu wenye mapenzi yao, klabu hizo zina mizizi visiwani kwa miaka mingi. Ila nakumbuka fainali ya Januari 2024, Mlandege ilipomfunga Simba 1-0, nikasema moyoni: vijana hawa wamepita mtihani ambao wengi wetu jukwaani hatukuwa tumeuona.

Sasa nataka niseme jambo kuhusu ukubwa wa uwanja, maana wengi wanadhani uwanja mkubwa ndio unaotisha zaidi. Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, unachukua watu 60,000. Ukiwa chini pale, kelele ni kama bahari ya kusi: inanguruma, haina maneno. Pale Mao, kiwanja chetu cha hapa mjini, ni padogo. Unasikia jina lako, unasikia la babaako, unasikia mtu anasema miguu yako myembamba. Wachezaji wangu wengi wameniambia Mao palikuwa pagumu kuliko walikokwenda baadaye, na kwa miaka mingi hilo lilinifariji: nikiamini kwamba aliyekomaa Mao hatishwi na kiwanja chochote.

Leo siamini tena, na sababu ni simu. Kijana anatoka uwanjani, anakaa kwenye basi, anaifungua simu, na yale maneno ambayo katika mngurumo wa watu 60,000 hakuyasikia, sasa anayasoma moja moja, na jina la aliyeandika liko pale. Anayasoma usiku peke yake. Anayasoma asubuhi kabla hajanawa uso. Zamani mechi ilikuwa inakwisha. Ukishafika nyumbani, ukala, ukalala, kesho ilikuwa siku nyengine.

Wapo waliotuambia wazi inavyokuwa. Bojan Krkić alianza kuchezea timu ya wakubwa ya Barcelona mwaka 2007, akiwa na miaka 17, na alikuwa akiitwa Messi mpya. Februari 2008 aliitwa timu ya taifa ya Hispania kucheza na Ufaransa. Akashikwa na kizunguzungu na hofu iliyomvunja nguvu, akashindwa kucheza. Watu waliambiwa ni tumbo. Miezi michache baadaye akakaa nje ya mashindano ya Ulaya ambayo Hispania ilikuja kuyashinda, na ikaandikwa kama kwamba nchi imemwita yeye akakataa. Ilichukua takriban miaka kumi mpaka aliposimulia mwenyewe kwamba ilikuwa hofu. Kumi! Fikirini mtoto kubeba siri ya namna hiyo huku akizomewa viwanja mbalimbali.

Nawaomba walimu wenzangu tusimame hapa kidogo. Pale kwetu mtoto akisema "mwalimu, kifua kinanibana kabla ya mechi", tunamjibu nini? Mimi nilijibu: "Acha uoga, kuwa mwanamme." Nilisema hivyo miaka mingi. Nilimwambia na yule kijana wangu, kabla hajavuka. Kwa hivyo aliponaswa na ile hofu, hakuwa na mtu wa kumpigia, kwani mtu aliyekuwa nambari yake iko juu kabisa katika simu alishamwonesha kwamba maneno hayo hayasikilizwi. Hilo ni langu, nalibeba.

Jukwaa nalo linaweza kubadilika, na linaweza kubadilika haraka kuliko tunavyodhani. Machi 2018 André Gomes, kiungo Mreno wa Barcelona, alisema katika mahojiano kwamba anaona haya hata kutoka nje ya nyumba yake. Alikuwa akizomewa na mashabiki wake mwenyewe Camp Nou. Siku chache baadaye akaingia kama mchezaji wa akiba dhidi ya Chelsea, na uwanja ule ule ukampigia makofi. Ni viti vile vile, na pengine watu wale wale. Walichopungukiwa mwanzo ni kujua.

Kwa wenye kudhani ni mambo ya Ulaya, nawakumbusha Desemba 2017. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walikwenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, hakuna aliyewapa nafasi, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaifunga Uganda nusu fainali, wakafika fainali Machakos na wenyeji. Sare 2-2, kisha penalti, tukashindwa 3-2. Tulikuwa na waliokosa. Nani kati yetu aliwazomea? Tuliwapokea kama mabingwa, wazee wakalia barabarani. Kwa hivyo tunaweza. Tulifanya sisi wenyewe, katika maumivu ya penalti, na hapana maumivu ya mpira yanayopita hayo.

Linganisheni na Wembley, Julai 2021, fainali ya Ulaya. Rashford, Sancho na Saka wa Uingereza walikosa penalti zao. Saka alikuwa na miaka 19. Rashford na Sancho waliingizwa dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, miguu haijapata moto, wakakabidhiwa nchi nzima. Usiku ule ule wakamiminiwa matusi ya ubaguzi kwenye simu zao. Rashford aligonga mwamba, na kipa wa Italia aliyewazuia Sancho na Saka, Donnarumma, naye alikuwa na miaka 22 tu. Mwaka 2017, ana miaka 18, mashabiki walimrushia noti bandia uwanjani kwa sababu alisita kutia saini mkataba mpya na Milan. Kwa hivyo pale Wembley mpigaji na mdakaji wote walikuwa watoto waliokwishaonja au waliokuwa karibu kuonja kitu kile kile. Saka alikuja kufunga mkwaju wake wa penalti dhidi ya Uswisi mwaka 2024. Miaka mitatu baadaye alitembea tena kwenda kuuweka mpira kwenye alama ya penalti, ile iliyomuumiza. Vijana, mimi bao lile sikuliangalia kwa ajili ya bao. Nilimwangalia anavyotembea.

Nimebakisha jambo moja ambalo ni zito kwangu kulisema mbele ya akina mama. Ipo presha inayotoka jukwaani, na ipo inayotoka nyumbani. Mtoto akishasainiwa, siku ya pili nyumba nzima imeshajengwa vichwani: bati, saruji, ada za wadogo zake, hija ya bibi. Najua dhiki ilivyo, na najua mtoto mwenyewe anataka kusaidia kuliko mnavyotaka nyinyi. Lakini akikosa pasi, hakosi pasi tu. Anahisi ameangusha bati la mamaake. Simu ya kabla ya mechi iwe ya dua na ya kumuuliza kala nini. Mambo ya pesa yangoje wiki nyengine.

Tunao waliofika. Nadir Haroub, tuliyemwita Cannavaro, alitoka hapa akawa nahodha wa Yanga. Abdi Kassim Babi alifunga bao la kwanza uwanja mpya wa taifa, huo huo wa Mkapa, mwaka 2007. Feisal Salum alitoka klabu yetu ya JKU akaenda Yanga 2018, ana miaka 20. Tunawataja kila siku. Waliorudi na boti, mabegi yao begani, hatuwataji, na wengi miguu yao haikuwa na upungufu wowote.

Yule kijana wangu alirudi. Alikaa ndani miezi, hata barazani hatoki. Nilikwenda kwao nikamwambia mbele ya mamaake kwamba nilikosea nilipomfunga mdomo. Hakunijibu siku ile. Baada ya Ramadhani akaja Mao, akasimama nyuma ya goli, akawa anawaokotea watoto mipira.

Sasa anafundisha nami. Tumeanza mazoezi ya namna yetu: watoto wa miaka 14 na 15 wanacheza huku wenzao wanawapigia kelele makusudi, na kila mmoja ana kazi moja baada ya kupoteza mpira, kuvuta pumzi na kuomba pasi inayofuata. Wachezaji wenzake nao wana kazi: wampe. Hata akiwa amezungukwa, wampe mguuni, mapema, kabla hofu haijakaa.

Jumamosi hii baada ya alasiri tutafanya tena. Nahitaji watu hamsini wa kuzomea na wanne wenye ngoma. Yeye ndiye atakayesimama katikati na watoto. Njooni mpige kelele kwa nguvu zenu zote, na nikipuliza filimbi mara mbili mnyamaze, tuwasikie watoto wanavyoomba mpira.