Utelezi wa Gegedu na Molekuli Zinazouamuru

Mabibi na mabwana,

Gegedu inayofunika ncha za mifupa katika goti lenye afya huteleza kwa urahisi wa ajabu, kiasi kwamba nguvu ya kuisogeza yaweza kuwa chini ya sehemu moja ya mia ya mzigo unaoikandamiza. Tumezoea kuusifia ute wa kiungo peke yake. Sifa hiyo ni ya haki, ila inazisahau seli.

Mzigo unapoanza, sehemu yake kubwa hubebwa na maji yaliyonaswa ndani ya gegedu. Ukidumu, maji hayo huchujika polepole, nyuso mbili zikakaribiana hadi kugusana, na hapo ndipo lubrisini inapohitajika: protini iliyosheheni sukari, ambayo hujishikiza juu ya gegedu na, ikishirikiana na asidi ya hayaluroniki, molekuli ndefu iliyomo katika ute wa kiungo, huzuia nyuso hizo zisikwaruzane. Watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni yake, PRG4, huharibika viungo wakiwa bado wadogo, na chanzo hicho kilitambuliwa mwaka 1999.

Lubrisini hutengenezwa na seli za utando wa kiungo na zile za tabaka la juu la gegedu, nazo hufuata amri za molekuli za ishara, yaani protini zinazopeleka ujumbe kwa seli. Mojawapo, TGF-β, huziamuru ziongeze. Interleukini-1 na TNF-α, ambazo hufurika kiungo kinapovimba, huziamuru zipunguze. Vipande vya gegedu vilivyowekwa maabara pamoja na TGF-β hutoa lubrisini zaidi na msuguano wake hushuka, ilhali interleukini-1 huleta kinyume chake. Naiona interleukini-1 kuwa adui mbaya zaidi, kwa sababu huchochea pia vimeng'enya vinavyokatakata agrikani, molekuli inayoyashikilia maji, hivyo kinga zote mbili, maji na lubrisini, hudhoofika kwa pamoja.

Mwendo nao hutuma ujumbe. Nyuso zinaposuguana kwa kiasi, seli za juu huongeza lubrisini, kwa sehemu kupitia TGF-β hiyohiyo. Msuguano, basi, ni matokeo ya ishara na wakati huohuo ni chanzo chake.

Mtu angedhani tiba ni kudunga TGF-β tu. Katika panya, wingi wake ndani ya kiungo umesababisha makovu kwenye utando na vinundu vya mfupa pembezoni, ndiyo maana baadhi ya watafiti wameamua kudunga lubrisini yenyewe, na katika panya uharibifu wa gegedu umepungua.