Omba kiungo, usijikombe

DADA: Karibu msikilizaji wa Kigoma mjini, wa Ujiji, wa Kasulu, na wewe uliye mbali zaidi. Leo ni barua pepe za kuomba viungo vya mtandaoni, yaani "link": kumwomba mwenye tovuti nyingine aelekeze wasomaji wake kwako. Kaka, kwanza faida yake ni nini?

KAKA: Tuseme una nyumba ya wageni hapa mjini. Mtu yuko Ufaransa, anauliza Google namna ya kufika Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Google inapopanga kurasa zipi zitangulie, moja ya vitu inavyotazama ni tovuti gani zimeelekeza kwako. Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walilieleza wazo hilo mwaka 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Siku hizi Google inatazama mengi zaidi, lakini viungo bado vimo.

DADA: Basi naandika barua moja, naituma kwa watu mia.

KAKA: Na mia wote wanaifuta! Mwenye tovuti anajua barua ya jumla akiiona. "Mpendwa mhariri, tumevutiwa sana na tovuti yako nzuri." Nzuri wapi? Hukuisoma.

DADA: Lakini sisi tumekuzwa na salamu. "Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii..." Dhumuni lenyewe liko nyuma ya ukurasa!

KAKA: Ha! Salamu iwepo, mstari mmoja. Halafu ingia kwenye jambo.

DADA: Tusomee basi hiyo uliyoandaa.

KAKA: Kichwa chake: "Kiungo kisichofunguka kwenye ukurasa wako wa Gombe." Halafu: "Habari za kazi. Nimesoma ukurasa wako kuhusu safari za magharibi mwa Tanzania. Kwenye aya ya njia ya Gombe, kiungo cha ratiba ya boti hakifunguki. Pia umeandika kwamba gari linafika hadi hifadhini. Barabara ya kufika huko haipo, watu huenda kwa boti. Sisi tuna nyumba ya wageni Kigoma mjini, na tumeandika ukurasa unaoeleza boti za abiria zinazoondokea Kibirizi na zile za kukodi. Ukiona utawafaa wasomaji wako, unaweza kuuweka badala ya kile kilichokufa. Anuani yake ni hii." Jina langu, basi.

DADA: Fupi. Ila hapo kwenye kumsahihisha, hataudhika?

KAKA: Kosa moja, tena linaloweza kumkwamisha msafiri, atakushukuru. Ukimpangia makosa saba umeshakuwa mwalimu wake, na hakukuajiri.

DADA: Nimeona hujampeleka kwenye ukurasa wa bei za vyumba.

KAKA: Wengi huharibu hapo, kabla hata ya kuandika barua. Nani atatuma wasomaji wake wakaangalie bei zako? Unahitaji ukurasa wenye kitu ndani. Na usirudie kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960, hilo limeandikwa kila mahali. Eleza unachokijua wewe unayeshinda Kibirizi: boti inapakia upande gani, siku ipi imejaa mizigo, abiria akichelewa afanyeje, mzigo unalipiwa vipi. Mwandishi aliyekaa London hana hayo, na anayahitaji. Mimi naona nusu ya kazi ya barua inafanywa na ukurasa wenyewe.

DADA: Na lugha?

KAKA: Lugha ya ukurasa unaouandikia. Tumia anuani yenye jina la tovuti yako kama unayo, na umtafute mtu anayehusika na ukurasa huo. Barua zinazoenda kwenye anuani ya jumla, ile inayoanza na "info", mara nyingi zinaishia humo humo.

DADA: Sasa swali la pesa. Mtu anajibu, "Nitaweka, nitumie hela."

KAKA: Hilo ni tangazo. Kulipia tangazo si kosa, ila kwa sheria za Google kiungo hicho kiwekewe alama ya "sponsored", yaani kimelipiwa, au "nofollow", yaani usikifuate, kwenye msimbo (code) wa ukurasa. Kununua kiungo kimyakimya ili ukurasa wako utangulie kwenye Google ni kuvunja sheria zao. Mwaka 2012 walileta mabadiliko ya kupanga kurasa waliyoyaita Penguin, na tovuti nyingi zilizojaza viungo vya ujanja zilishushwa.

DADA: Nipe nikupe je? Yeye aniweke, mimi nimweke?

KAKA: Mkiwa majirani kikazi, wewe una vyumba yeye ana boti, sioni ubaya. Ukifungua ukurasa mzima wa kubadilishana na watu usiowajua, hata Google inahesabu hiyo ni hila.

DADA: Wiki imepita, kimya.

KAKA: Kumbushia mara moja, kwa kujibu barua pepe yako ileile ya kwanza, mistari miwili. Akinyamaza tena, mwache. Usimtafute WhatsApp, jamani.

DADA: Akikubali?

KAKA: Fungua huo ukurasa wake, bonyeza kiungo uone kinafika. Mara nyingine anakosea herufi moja. Mshukuru, na ratiba ya boti ikibadilika, rekebisha ukurasa wako siku hiyohiyo, maana sasa wasomaji wake wanakutegemea.

DADA: Tukirudi baada ya tangazo, tutasoma barua mbili mlizotutumia. Moja ina aya kumi na mbili!

KAKA: Hiyo anza nayo wewe, dada yangu.