Zege Likizama, Tafuta Maji Kwanza

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, niko na fundi Juma. Leo ni zege linalozama kuzunguka nyumba: kibaraza kilichoinama, kipande cha njia kilichoshuka kuliko mwenzake, ngazi iliyoachana na ukuta. Fundi, wengi wakiona hivyo hulaumu zege. Utasikia, "Walibania saruji."

JUMA: Na mara nyingi wanalionea, dada Rehema. Zege lililobaniwa saruji linatoa vumbi juu, linapukutika kingo. Kuzama ni habari ya udongo. Slabu ya kibaraza, yaani lile bamba la zege, haina msingi wake, imelazwa tu juu ya ardhi. Ikiwa na unene wa sentimita 10, kila mita moja ya mraba ina uzito wa takriban kilo 240. Udongo wa chini ukiondoka au ukinywea, uzito wote huo unashuka nao.

REHEMA: Udongo unaondokaje na umeshafunikwa?

JUMA: Kwa maji. Paa linamwaga maji pembeni ya kibaraza, maji yanapita kwenye mwanya ulioko kati ya zege na ukuta, na kila mvua inaondoka na chembe za mchanga. Juu huoni kitu. Chini kunafunguka pango. Slabu itajishikilia kwa muda, halafu inakatika au inalala upande mmoja. Bomba linalovuja ardhini linafanya kazi hiyohiyo, tena halingoji masika.

REHEMA: Kitu ninachokiona sana ni kwamba kinachozama ni kile kipande kinachogusa nyumba, wala si kile cha mbali.

JUMA: Hapo umegusa penyewe. Wakati wa kujenga msingi, mtaro huchimbwa mpana kuliko ukuta. Ukuta ukishapanda, nafasi iliyobaki pembeni inarudishiwa udongo. Inatakiwa urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lilowanishwe kiasi na lishindiliwe kabla ya kumwaga jingine. Lakini kazi hiyo iko mwishoni, watu wamechoka, basi udongo unamwagwa wote kwa mkupuo na kukanyagwa kwa miguu. Humo ndani kuna vipande vya mbao, mizizi, mifuko ya saruji. Vikioza vinaacha uwazi. Udongo wa namna hiyo unaweza kushuka kwa miaka, na juu yake ndipo mtu anamwaga kibaraza chake kizuri.

REHEMA: Na kikishuka upande wa ukuta...

JUMA: Mteremko unageuka. Maji yaliyokuwa yakikimbia nje sasa yanakimbilia nyumba. Hilo linanisumbua kuliko kimo chenyewe. Kibaraza kilichoshuka kidogo lakini kinamwaga maji ukutani nakihofia kuliko njia iliyoshuka sana huko getini, kwa sababu cha ukutani kinalowesha msingi.

REHEMA: Mwenye nyumba atajuaje lipi limempata kabla hajamwita mtu?

JUMA: Avae koti atoke mvua ikinyesha. Nasema kwa dhati kabisa. Asimame aangalie maji ya paa yanaangukia wapi, yanatuama wapi, yanapotelea wapi. Maji yakiingia kwenye ufa na hayaonekani yanakotokea, hapo pana jambo. Jua likitoka, agonge slabu kwa nyundo au ncha ya nondo, hatua kwa hatua. Penye udongo sauti ni nzito, penye pango panalia mvungu. Kisha afunge mabomba yote ya nyumba na kuitazama mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka wakati hakuna anayetumia, kuna mahali panavuja.

REHEMA: Na kujua kama kuzama kumekoma au bado kunaendelea?

JUMA: Achukue ubao ulionyooka na pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, apime tofauti ya kimo, aandike na tarehe. Ufa auwekee alama ya penseli kwenye ncha zake. Arudie baada ya miezi michache, ikiwezekana apime kiangazi na masika. Hapo anaweza kugundua kitu kingine kabisa: slabu inashuka wakati wa ukame na kupanda mvua zikirudi. Huo ni udongo wa mfinyanzi, unanywea ukikauka na kuvimba ukilowa. Mti mkubwa ulio karibu unaongeza tatizo, maana mizizi inanyonya maji. Penye udongo huo, kujaza chini ya slabu peke yake hakutoshi. Unyevu usipotulizwa, slabu itarudi kucheza.

REHEMA: Kuna dawa moja maarufu sana: kumwaga zege jembamba juu ili pawe sawa.

JUMA: Naomba watu waiache. Tabaka la sentimita 3 linaongeza kilo zaidi ya 60 kwa kila mita ya mraba juu ya udongo ambao tayari umeshindwa. Pembeni, pale linapoishia kwa wembamba, linabanduka. Na ufa wa chini utatokea juu. Umetumia fedha, pango bado liko palepale.

REHEMA: Basi tuinue. Kuinua slabu kunawezekana kweli?

JUMA: Kunawezekana, kama slabu bado ni nzima au imepasuka vipande vichache vikubwa. Zipo njia mbili. Ya zamani ni kutoboa matundu ya kama sentimita 4 au 5, kisha kusukuma chini kwa pampu uji wa udongo, saruji na maji mpaka slabu ipande. Ya pili ni povu la poliyurethani, aina ya plastiki: matundu yake ni madogo, kama sentimita moja na nusu, povu linavimba na kukauka ndani ya dakika chache. Ni jepesi mno, na hiyo ndiyo faida yake kubwa juu ya udongo dhaifu. Lakini linataka mtu mzoefu, kwa sababu slabu ikipandishwa kupita kiasi hairudi chini kwa urahisi. Na yoyote kati ya hizo haigusi chanzo. Maji yakiendelea kupita, yatachimba pembeni ya ulichokijaza.

REHEMA: Ikiwa imevunjikavunjika?

JUMA: Vunja, toa, anza upya. Chimba mpaka udongo mgumu, jaza kokoto na changarawe kwa matabaka, shindilia kwa mashine. Mteremko uwe wa sentimita 2 kwa kila mita, kwenda mbali na nyumba. Usiunganishe slabu na ukuta, weka kitu laini kati yao, juu uzibe kwa siliconi ili maji yasipenye. Kata mistari ya kugawa zege kila mita 2.5 hadi 3, kina cha robo ya unene, ili likitaka kupasuka lipasukie hapo. Kisha limwagilie, lisikauke kwa siku 7.

REHEMA: Kuna wakati utamwambia mtu aache kabisa habari za kibaraza?

JUMA: Ndiyo. Akiona nyufa za ngazingazi kwenye matofali, au nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, au milango imeanza kugoma kufunga, hapo nyumba yenyewe inatembea. Amwite mhandisi. Asikubali mtu yeyote, nikiwemo mimi, amsukumie povu kabla msingi haujakaguliwa.

REHEMA: Na mwenye fedha za kazi moja tu mwaka huu?

JUMA: Aweke gata kwenye paa, na bomba la kupeleka maji mita kadhaa mbali na ukuta. Mwanya wa kati ya zege na ukuta auzibe. Kuinua kutasubiri.

REHEMA: Hata kama watu wanajikwaa hapo?

JUMA: Hapana, hapo usisubiri, hasa kama kuna wazee au watoto. Ukingo uliobaki juu usagwe kwa mashine uwe mteremko. Ni kazi ya saa chache. Na kama tofauti ni kubwa mno kusagwa, upakwe rangi inayoonekana hata usiku na njia ihamishwe mpaka slabu itakapopata zamu yake.