Mbili Yako Siyo Mbili Yangu

Walimu wenzangu, hamjambo. Wanangu mliotoka bwenini mmejifunika mashuka, karibuni. Arusha ya mwezi huu wa Julai tunaijua. Nilipoombwa nizungumzie Kiingereza wanachoandikiana wanafunzi wa nchi mbalimbali kwenye makundi yao ya WhatsApp, nilijua pa kuanzia. Ni kwenye tarakimu 2.

Muhula uliopita mwakilishi wa darasa, kijana wa Kitanzania, aliandika kwenye kundi: "Discussion @ 2". Kichwani mwake ilikuwa saa mbili asubuhi, kwa saa zetu hizi za kuhesabu tangu kuchomoza jua. Mwenzake wa Sudan Kusini akaja saa nane mchana, akakuta mlango umefungwa. Nilimkuta amesimama pale, daftari kwapani. Akanionyesha simu, akauliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Hakukosea popote.

Tarakimu hiyo ina mambo mengi. Vijana wetu huandika "2po" kwa tupo, "2naenda" kwa tunaenda. Wameichukua sauti ya Kiingereza wakaifanya kiambishi cha Kiswahili, na hakuna mwalimu aliyewafundisha. Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa anaandika "A2m1". Isome kwa Kifaransa: 2 ni "deux", 1 ni "un", ukitamka haraka unapata "à demain", yaani tuonane kesho. Aliyelelewa na Kiarabu anatumia 3 kwa herufi ya Kiarabu ain na 7 kwa ha ile nzito ya kooni, sauti zisizo na herufi zake kwenye alfabeti ya Kilatini. Sasa wakusanye hawa kwenye kundi moja, waambie waandike Kiingereza. Watakiandika, ila kila mmoja atakuja na mzigo wake wa nyumbani.

Wapo wanaokiita Kiingereza kibovu. Mimi nakataa. Ufupisho wenyewe ulikuwa akili ya kubana matumizi: SMS moja ilibeba herufi 160, nafasi zikiwemo, na vocha ni hela.

Kinachoniumiza ni pale adabu inapopotea njiani. Mwanafunzi kutoka Burundi aliniandikia: "I demand your notes". Nilikasirika, nikakaa siku tatu sijamjibu. Kumbe kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu. Yeye aliomba, mimi nikasikia anadai. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, na mpaka leo nikikumbuka zile siku tatu alizongoja, roho inaniuma.

Na sisi tunawachanganya wenzetu. Mtu akisema anaumwa, Mtanzania anajibu "sorry", akimaanisha pole. Mgeni kutoka Ulaya anashangaa: huyu anaomba msamaha wa nini? Neno pole halina ndugu wa damu kwenye Kiingereza, na sisi hatuwezi kukaa bila kulisema.

Hata nukta ina uzito. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walionyesha kwamba jibu la neno moja kwenye ujumbe wa simu, likimalizwa kwa nukta, wasomaji huliona halitoki moyoni. Likiandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haipo. Wanafunzi wetu wamefundishwa tangu kidato cha kwanza kwamba sentensi bila nukta ni kosa. Anaandika "Ok." kwa utiifu kabisa, na mwenzake anadhani amenuna.

Kwa hiyo, wanangu, ujumbe ukikuchoma, mpigie aliyeuandika, au mfuate chumbani kwake. Umuulize, "Ulimaanisha nini?" Muulize kwa Kiswahili kama anakijua, Warundi na Wakongo wengi wanakijua kuliko mnavyodhani.

Lile kundi sasa linaandika saa kwa tarakimu nne, 08:00 au 14:00. Yule Mkongo bado anaaga kwa "A2m1" kila usiku, na juzi nimeona kijana wa Sudan Kusini naye anamjibu hivyo hivyo.